Safari Ishirini za Nati

4 Februari

Mwanangu Kiroboto,

Sisi huku wazima, isipokuwa baba yako mdogo ana mafua na anayasimulia kwa kila mteja anayeleta saa kutengenezwa. Mpe dada yangu salamu. Mwambie goti likimuuma akae chini, hakuna atakayempa zawadi kwa kusimama. Na wewe uache kula umesimama jikoni. Najua bado unafanya hivyo.

Sasa kaa kitako. Tumepata metroni mpya hapa hospitali. Juzi alituita wote wa chumba cha kutakasia vyombo, akasema kuanzia mwakani msimamizi wa chumba lazima awe na cheti cha sekondari chenye Fizikia na Biolojia. Alisema kwa upole kabisa, huku akitazama karatasi. Mwanangu, chumba kile nimekisimamia miaka kumi na minne. Kila mkasi na kila koleo linaloingia tumboni mwa mgonjwa hapa limepita kwanza mikononi mwangu, likakaa ndani ya otoklevu, lile pipa letu la mvuke, kwa dakika nilizozipima mimi. Cheti sina. Akipatikana mwenye nacho, mimi narudishwa kufua shuka nilikoanzia, na kabla ya hapo itabidi nimfundishe huyo mwenye cheti jinsi ya kufunga kifuniko.

Basi nimejiandikisha mtihani wa Novemba, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nina miaka arobaini na mitatu na wewe ndiye mwalimu wa sayansi pekee ninayeweza kumnunia. Nifundishe. Lakini usinifundishe kwa simu. Huko shuleni kwenu mtandao unakatika kila baada ya dakika mbili, na zaidi ya hayo, kwenye simu utanionea huruma na mimi nitaisikia. Kwenye barua utanikosoa. Halafu mtihani wenyewe ni wa kuandika, sitaenda kuwasimulia.

Jambo moja tu. Usiniulize kwa nini sikumaliza shule. Ni habari ndefu na haina faida kwa mtu.

Mama yako mdogo


19 Februari

Shikamoo mama mdogo,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, naomba ushahidi huo uandikwe. Mama anakushukuru kwa ushauri wa goti na anasema wewe ndiye wa kwanza kumpa ruhusa ya kukaa tangu azaliwe. Wanafunzi wangu wamefungua muhula kwa kelele. Mmoja kavunja chupa ya maabara siku ya kwanza, tumebakiwa na tano.

Umesema nisiulize, nami sikukuuliza. Nilimuuliza mama. Akainua kikombe chake cha chai, akanywa mpaka kikaisha, akakiweka chini, akasema, "Muulize mwenyewe." Basi yameisha.

Sasa kazi. Nimekuwekea vitabu viwili na orodha ya mada. Usiogope unene wake, nusu ni picha. Tuanze na unachokijua. Andika ukurasa mmoja: kwa nini vyombo vinatiwa kwenye pipa la mvuke, badala ya kuchemshwa tu kwenye sufuria? Usinakili kitabuni. Niandikie unavyomweleza mfanyakazi mpya. Kisha katakata kiazi vipande virefu kama vidole, kimoja kitie kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi kali, uvitazame baada ya saa mbili na uniambie umeona nini na kwa nini.

Tatu ni ya vitendo, maana mtihani wa vitendo ndio unaowaangusha wengi. Tafuta nati ya chuma, ifunge kwenye uzi wa mita moja, itundike mahali isiguse kitu. Ivute kidogo pembeni uiachie. Kwenda na kurudi ni safari moja. Pima muda wa safari ishirini, gawa kwa ishirini, kisha tumia kanuni niliyoiandika nyuma ya karatasi hii. Utapata namba ya mvuto wa dunia, ambayo ni 9.8 au karibu na hapo. Baba mdogo hatakosa saa ya kubonyeza.

Wako mtiifu,
Kiroboto


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mafua ya baba yako mdogo yamekwisha, sasa ana hasira, na utaona sababu.

Kwanza pipa. Maji kwenye sufuria wazi yakifika mia moja hayapandi tena, hata uchochee moto namna gani. Moto wote unaozidi unaishia kuyageuza kuwa mvuke na mvuke unajiendea zake. Ukifunga kifuniko kwa skrubu, mvuke hauna pa kwenda. Unajazana, unayakandamiza maji, nayo yanakataa kuchemka mpaka joto lifike mia na ishirini na moja. Na kuna bakteria ambao wakiona shida hujifungia ndani ya ganda gumu, wanaitwa spora. Hao kwenye mia moja wanastahimili, utadhani wako likizo. Kwenye mia na ishirini na moja kwa dakika kumi na tano, kwisha habari yao. Mfanyakazi mpya namwambia hivi: ukifungua kabla ya saa, umempelekea mgonjwa spora kwenye sinia safi.

Pili kiazi. Cha maji matupu kimekakamaa, cha maji ya chumvi kimelegea kabisa. Kitabu kinasema ni osmosisi: maji yanapita kwenye utando wa seli kutoka kwenye maji mengi kwenda kwenye maji machache. Kwenye chumvi maji ya kiazi yametoka nje, ndani seli zimenywea. Ningekueleza zaidi, lakini baba yako mdogo alivikuta vile vipande akavikaanga. Alisema kimoja kilikuwa na chumvi sana.

Tatu, nati. Nimeitundika kwenye boriti ya jikoni. Nimepima mara sita. Kila mara napata 10.9. Nimebadili uzi, nimebadili nati, nimefunga dirisha ili upepo usiingie, bado 10.9. Nikamwambia baba yako mdogo saa yake ni mbovu. Mwanangu, afadhali ningemtukana mama yake. Aliifungua mbele yangu, akaisafisha, akaiseti na saa ya redio, akaiacha siku nzima, haikupotea hata sekunde moja. Hajazungumza na mimi tangu Jumanne, ila anapotaka chumvi, na hapo pia anainyooshea kidole.

Namba hii imenikosesha raha kuliko unavyodhani.

Mama yako mdogo


28 Machi

Shikamoo mama mdogo,

Mama anacheka habari ya kiazi mpaka sasa. Goti halijambo. Chupa za maabara zimebaki nne.

Ukurasa wako wa pipa nimeusoma darasani kwa kidato cha nne, sikuwaambia ni wa nani. Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hiki ni kitabu gani? Kwa nini hatunacho?" Kosa nililokuta ni moja. Umeandika "joto lifike mia na ishirini na moja." Joto ni nishati inayoingia. Kinachofika mia na ishirini na moja ni halijoto, kile kinachosomwa kwenye kipimo. Unaweza kumimina joto kwenye sufuria kutwa nzima na halijoto isisogee, kama ulivyoeleza mwenyewe. Kwenye mtihani hapo wanakata alama. Osmosisi ni sahihi, ila ongeza kwamba utando huo unachagua: maji unayapitisha, chumvi unaizuia.

Kuhusu nati, mwombe baba mdogo radhi leo hii. Kisha niandikie unavyofanya, hatua kwa hatua, bila kuruka kitu. Mkono uko wapi, jicho liko wapi, mdomo unasema nini.

Kiroboto


15 Aprili

Mwanangu,

Nimeomba radhi. Amekubali, kwa masharti kwamba nimwambie kila mgeni kuwa saa zake ni sahihi. Kwa hiyo nakuambia na wewe. Habari nyingine, yule jirani mwenye cherehani amepata mjukuu, na metroni kaja chumbani kwetu na wageni wawili wakipima kuta. Mmoja alinikanyaga na hakusema kitu.

Hatua zangu ni hizi. Napima uzi kutoka boriti mpaka katikati ya nati. Naivuta pembeni kiasi cha kiganja. Nashika saa mkono wa kulia. Naiachia nati na papo hapo nabonyeza saa na kusema "moja". Inakwenda, inarudi, "mbili". Inakwenda, inarudi, "tatu". Ninaposema "ishirini" nabonyeza tena. Napata sekunde thelathini na nane na kidogo. Nagawa kwa ishirini. Napiga hesabu mara tatu. 10.9.

Kiroboto, nakuuliza na unijibu ukweli. Kuna watu ambao hawakuumbiwa mambo haya? Ikiwa nipo miongoni mwao niambie sasa, niache kuwasumbua watu na vitabu vyao. Wiki iliyopita walikuja kuniuliza kama bado najua kutumia mashine ya kufulia.

Mama yako mdogo


27 Aprili

Shikamoo mama mdogo,

Hakuna watu wa namna hiyo. Mama anasema akikukuta unasema hivyo atakuja mwenyewe na goti lake.

Kosa lako nimeliona, na sikuambii.

Usichane barua, endelea kusoma. Saa ni nzima, uzi ni mzima, na kichwa chako ni kizima kuliko vyote. Fanya hivi: pima safari kumi, upate namba ya mvuto. Kisha ishirini. Kisha arobaini. Ziweke namba tatu pamoja uzitazame. Jiulize, kama kosa lingekuwa kwenye saa, namba hizo zingekuwaje? Kama lingekuwa kwenye uzi? Jibu limo humo, na litakuwa lako.

Wako,
Kiroboto


30 Mei

Shikamoo mama mdogo,

Wiki ya tano sasa hujanijibu. Nilipiga simu kwa baba mdogo, akasema u mzima na kwamba kila nikitajwa unaanza kufagia. Nimekukosea, nimeelewa hivyo, ila sijajua kiasi gani.

Nakuandikia kwa sababu mtihani haungojei sisi tupatane. Humu kuna mada ya mzunguko wa damu na ya nyenzo za kuinulia mizigo, na mazoezi kumi ya kila moja. Yafanye hata kama hutaki kuniandikia salamu. Kosa la nati bado sikutajii. Nimekaa na kalamu mara tatu kutaka kulitaja, nikaiweka chini.

Mama anakusalimia. Hakusema zaidi, lakini aliniangalia vibaya.

Kiroboto


22 Juni

Mwanangu,

Mzunguko wa damu huu hapa, umejibiwa. Nyenzo hizi hapa. Salamu kwa dada yangu. Sisi wazima.

Barua yako ya Aprili niliikunja nikaitia chini ya godoro. Nilisema mtoto niliyemfuta kamasi ameniona kosa na ananichezea. Sasa nitakueleza kwa nini iliniuma, na nikishakueleza tusiirudie.

Shule sikuiacha. Nilitolewa. Mwaka ule, mtihani wa mwisho wa vitendo ulikuwa huu huu, uzi na kipande cha chuma. Nikapima, nikapata 10.9. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ameandika 9.8. Niliogopa. Nikafuta namba zangu, nikaandika zake, moja baada ya nyingine, na msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakupiga kelele. Alinishika bega akaniongoza nje, watu sitini wakitazama. Wakafuta matokeo yangu yote, hata ya masomo niliyoyajua usingizini. Bibi yako aliwaambia majirani nilikuwa na homa ya tumbo. Aliyejua ni yeye na mama yako tu. Hata mume wangu sikumwambia. Miaka ishirini na mitano nimeamini nilinakili kwa sababu akili yangu haikutosha. Halafu niitundike nati jikoni kwangu na nipate namba ile ile. Halafu wewe useme, nimeliona na sikuambii.

Sasa sikiliza yaliyobaki. Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nikapima safari kumi, nikapata 12.1. Ishirini, 10.9. Arobaini, 10.3. Nikazitazama siku mbili. Saa ikikosea ingekosea vilevile, uhesabu kumi au arobaini. Uzi nao hivyo hivyo. Lakini hapa safari zikizidi, kosa linapungua. Maana yake kuna kitu kinaibwa mara moja tu, kisha mwizi anakaa kimya. Kikigawanywa kwa kumi kinauma, kikigawanywa kwa arobaini hakihisiki sana.

Nilifika hapo nikakwama. Jana mchana nilikuwa naanika vile vitambaa vya kufungia vyombo. Naviunganisha kingo kwa kingo, kibanio kimoja kinashika vitambaa viwili, ili kamba itoshe. Nilikuwa na vibanio ishirini. Nimemaliza vibanio, kitambaa kimoja kimebaki mkononi. Nikahesabu. Vibanio ishirini, vitambaa kumi na tisa. Nikasimama pale nimeshika kitambaa. Ninaposema "moja" wakati naiachia nati, haijasafiri popote! Nahesabu vibanio, sihesabu vitambaa! Nimepima safari kumi na tisa nikagawa kwa ishirini, mara zote hizo, na mwaka ule pia.

Zamu ilipoisha nilitembea kwa haraka mpaka nyumbani, viatu mkononi. Nikaivuta nati, nikaiachia, nikasema "sifuri". Sekunde arobaini nukta moja. Nikapiga hesabu mara tatu. 9.8. Nilipiga yowe hadi yule jirani wa cherehani akaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua.

Kisha nikakaa kwenye kiti nikamwambia baba yako mdogo kila kitu, tangu kushikwa bega mpaka homa ya tumbo. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo saa yangu haikuwa na kosa." Halafu akaenda kuchemsha chai, na alipoileta macho yalikuwa mekundu.

Kunakili nilinakili. Hilo ni kosa langu na nitakufa nalo. Lakini mjinga sikuwa. Mwanangu, sikuwa mjinga.

Mama yako mdogo


3 Julai

Shikamoo mama mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako kwa sauti, mama alitaka. Alilia, kisha akacheka ya saa, kisha akalia tena. Wote tunakusalimu.

Hukuwa mjinga. Sasa na mimi nina la kwangu, ambalo hata mama hakulijua mpaka leo.

Nilipoona 10.9 kwenye barua yako ya Machi nilijua papo hapo. Hatua nilikuuliza ili nipate uhakika tu. Nilijua kwa sababu chuoni, mwaka wa kwanza, nami nilipata 10.9. Mkufunzi aliiandika ubaoni kwa tarakimu kubwa, akasema kuna mtu humu anaishi kwenye sayari nyingine. Darasa zima likacheka. Kisha akanieleza kosa mbele yao, nikacheka nao, nikakaa chini, na muhula mzima sikunyoosha mkono. Unakumbuka nilipojifunzia kuhesabu? Likizo zote nilikuwa na wewe na bibi pale chumba cha kufulia cha hospitali, mlikokuwa mnafanya kazi. Unagusa shuka, moja. Unagusa la pili, mbili. Bibi alikufundisha wewe, wewe ukanifundisha mimi. Kwa shuka ni sahihi kabisa. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuhesabu kitu kisichoshikika.

Mimi jibu nilipewa, likanibakishia aibu. Nilitaka wewe ulikamate kwa mkono wako. Lakini ningejua habari ya mtihani ule ningekuambia siku ile ile na kubandika stempu mbili. Nisamehe. Nilikuwa nafundisha, nikasahau ninamfundisha nani.

Na ile hoja yako ya mwizi mara moja, mama mdogo, mkufunzi wangu hakuwa nayo. Nimeanza kuitumia darasani. Mtihani uko miezi minne mbele. Tusonge.

Kiroboto


18 Novemba

Mwanangu,

Umemaliza kusahihisha mitihani ya wanafunzi wako? Dada yangu mwambie goti lisimsahaulishe kuniandikia, mikono haijaumwa. Baba yako mdogo anakusalimia. Siku ya mtihani alinivalisha saa mbili, moja kila mkono.

Tumemaliza jana. Nitaanza na mwisho. Biolojia, swali la saba: "Eleza kwa nini kuchemsha vifaa vya upasuaji kwenye maji ya nyuzi mia moja hakutoshi." Mwanangu, nilicheka kwa sauti. Msimamizi akanifuata akaniuliza kama naumwa. Nikaandika kurasa tatu. Halijoto nimeiandika mara kumi na moja.

Sasa Fizikia ya vitendo. Tulipoingia, msichana mmoja aliniamkia akaniuliza meza yake ni ipi, alidhani mimi ndiye msimamizi. Nikamwonyesha. Nilipokaa karibu naye alishtuka kidogo. Kazi ilikuwa nati na uzi, urefu mara tano tofauti, kisha kuchora grafu. Niliuona uzi juu ya meza nikakumbuka mwaka ule. Nikapiga moyo konde nikaanza, sifuri. Alama tatu za kwanza zilikaa kwenye mstari vizuri, zimenyooka. Ya nne, ya sentimita themanini, ikaruka juu. Nikapima tena, ikaruka tena. Zimebaki dakika kumi na tano. Yule msichana akaona jasho langu. Ana huruma, maskini, akaisogeza karatasi yake pembeni ili niione. Alama yake ya nne ilikuwa imekaa pazuri. Kuinakili ni nusu dakika.

Sitakudanganya, niliitazama. Nilitazama karatasi nyeupe nikaona wino bila kusoma namba, kisha nikageuza kichwa. Nikajiambia, wewe mama, uzi uko mbele yako, uulize uzi. Nikachukua rula nikaupima. Sentimita themanini na nne! Fundo lilikuwa limeteleza. Aliyelifunga hajui mafundo, na mimi nimefunga mabunda ya vyombo maisha yangu yote. Nikalifungua, nikalifunga kwa fundo letu la mabunda, lile lisilolegea hata kwenye mvuke. Namba mbaya sikuifuta. Niliikata kwa mstari mmoja ili isomeke, nikaandika pembeni: "Fundo liliteleza, uzi ukawa sm 84. Nimelifunga upya na kupima tena." Nikapima upya. Ikakaa kwenye mstari.

Nilipoinua kichwa, msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alikuwa pale kwa muda gani. Alisoma nilichoandika pembeni, akaondoka kwenda meza nyingine. Nilimaliza alama ya tano kengele ikilia.

Matokeo sijui yatakuwaje. Tangazo la kazi ya msimamizi wa chumba limeshabandikwa, na wenye vyeti watatu wameshaomba. Lakini karatasi ile kila namba iliyomo ni yangu.

Mama yako mdogo


9 Februari

Mwanangu Kiroboto,

Fizikia B. Biolojia A.

Salamu zimenishinda kutangulia, zipokee sasa: hatujambo, tunawasalimu, baba yako mdogo amekibandika cheti dukani kwake katikati ya saa za ukutani na anakataa kunirudishia. Mteja akiuliza saa ngapi anaonyeshwa Biolojia kwanza. Mimi nimefurahi, mwanangu. Natafuta neno la kuipamba furaha hii na silipati. Nimefurahi tu, naamka nimefurahi.

Jumatatu metroni alituita wote, watu kumi na wawili, chumbani kwetu. Akasema wamewahoji watu wanne, wale watatu wenye vyeti na mimi, na kazi nimepewa mimi. Kisha akaniambia niseme maneno mawili. Nilikuwa nimeandaa ya shukrani. Nikafungua mdomo yakatoka mengine. Nikawaambia, "Nilipokuwa na miaka kumi na minane nilinakili kwenye mtihani, nikatolewa nje. Haikuwa homa ya tumbo." Nikawaeleza yote nikiwa nimesimama, mikono kwenye mfuniko wa pipa. Nikawaambia na safari ishirini ambazo zilikuwa kumi na tisa, na fundo lililoteleza. Nikawaambia chumba hiki kinataka mtu anayeandika alichokiona. Akifungua pipa kabla ya wakati aandike amefungua, tutarudia, hakuna atakayemshika bega.

Nilipomaliza nilisikia pipa tu likipumua. Nikajiambia, haya, umejiharibia siku ya kwanza. Ndipo mama wa usafi, ana miaka hamsini na mmoja na humwoni akiongea, akaegemeza ufagio ukutani akauliza, "Hizo fomu za kujitegemea zinachukuliwa wapi?" Akafuata mfuaji mmoja, kisha mlinzi wa lango la nyuma, kisha binti wa mapokezi aliyeishia kidato cha tatu. Metroni aliandika majina yao nyuma ya karatasi yake ya hotuba.

Tumeanza jana baada ya zamu. Niliwapa swali moja, la kwa nini jasho linampoza mtu, wajibu kwa maneno yao. Karatasi zao nne zimo ndani ya bahasha hii. Usizisahihishe, nimeshazisahihisha mimi. Wewe angalia tu kama nimesahihisha sawa.

Mama yako mdogo,
Msimamizi wa chumba cha kutakasia vyombo